Ng' ya Ng'iya

Stoo ya vifurushi, nyuma ya stesheni ya zamani, Kisumu.
Saa kumi na moja alfajiri, mabati bado baridi.
Mimi na skana.
Ina jicho jekundu na neno moja tu:
ti. Maana yake ndiyo.
Hapana yake haina sauti. Inakaa kimya,
kama mtu unayemdai.

Vitalis aliajiriwa jana. Ananiuliza,
"Awuor, hii milia inasema nini?"
Namwambia, hesabu.
Kila herufi ni mistari mitano myeusi
na nafasi nne nyeupe katikati yake.
Vipande tisa, vitatu vinene, sita vyembamba.
Unene ukikaa hapa ni A,
ukisogea kidogo ni saba.
Anahesabu kwa ukucha, midomo ikimcheza,
anapotea kwenye sita, anaanza upya.

"Na nyeupe nayo inasomwa?"
Inasomwa sana.
Wameuita msimbopau, na mimi kila nikiutazama
naona nyumba ya nyanya kule Sakwa kabla haijaezekwa:
upau, anga, upau, anga.
Tulilala chali chini yake tukisoma mawingu kwa vipande.

Neno huanza kwa nyota, huisha kwa nyota.
Nyota ya kwanza inabisha hodi,
ya pili inaaga.
Skana inaziona zote mbili na haizitaji hata siku moja;
kwenye kompyuta hazifiki.
Nimewahi kufanya kazi ya namna hiyo, mapokezi, hoteli fulani.

Sasa hiki hapa kimegoma.
Kimeshonewa ndani ya gunia la sukari,
kimetoka Nakuru usiku. Fomu inasema: miwani, jozi moja.
Mtumaji Zablon Ong'ayo.
Mpokeaji Dorsila Ong'ayo, sokoni Ng'iya.
Lebo inasema:

*NGIYA-0417-ONGAYO*

Maana alama za msimbo huu ni arobaini na tatu,
nimezipekua zote kama mfuko wa koti.
Dola imo. Asilimia imo. Mkwaju, nukta, jumlisha.
Hata nafasi tupu imepewa pau zake.
Herufi ndogo hakuna, kila mtu anaitwa kwa kupigiwa kelele.
Na ule mkato wa juu, hakuna.
Ng'ombe akipita humu anatoka ngombe, amelegea.
Ong'ayo amesafiri kutoka Nakuru hadi hapa
bila pua.

Lakini si hilo lililoinyamazisha skana.
Napeleka jicho: kimya.
Nafuta vumbi kwa kiwiko: kimya.
Vitalis ndiye aliyeona.
Pembeni, kushoto mwa nyota ya kwanza,
kwenye ule ukingo mweupe usioandikwa kitu,
mtu ameandika kwa biro ya buluu, mwandiko umebanana:
Mama fungua polepole.

Ukingo ule si karatasi iliyobaki.
Hapo ndipo skana inavuta pumzi.
Ukiandika hapo haijui neno linaanzia wapi,
inaichukua M ya Mama kwa upau uliolewa.

"Tuchape nyingine tubandike juu," anasema Vitalis,
na kanuni iliyobandikwa ukutani inasema hivyo hivyo.
Printa inaguna, inatoa.
Nimeishika lebo mpya kwa ncha za vidole, gundi ikinisubiri,
na basi la Siaya limeshawasha injini.

Nimeibandika upande wa pili wa gunia.
Ile ya zamani nimeipiga mstari mmoja wa wino mzito,
kwenye pau tu,
maneno ya buluu nimeyaacha.
Kisha, kwa kuwa hakuna mashine itakayoisoma tena,
nimetia mkato mdogo baada ya G. Na baada ya G nyingine.

"Umefanya nini hapo?"
Nimewarudishia pua.
Amecheka, hajaelewa, amekibeba kifurushi hadi mlangoni
polepole, bila kuambiwa.

Kinachofuata: ndoo ya rangi, BUSIA-1160.
Ti.