Alama za Meno

Saa sita ya usiku kwao ni saa tisa kwetu.
Obonyo amekubali kutofunga duka,
ila anadai shilingi moja kwa dakika, hata nikiwa nawaza.
Basi nawaza haraka.

Jina la ukoo. Nyota nyekundu: lazima.
Naandika Apondi, la bibi mzaa baba,
aliyekufa wiki moja kabla sijapewa.
Anwani: sanduku la posta la shule ya msingi,
ambako barua zetu zote hungoja mwalimu mkuu akumbuke.
Mtaa? Nambari ya nyumba?
Kuna tuta la mto, kisha kinu cha mpunga, kisha sisi.
Mashine haitaki "kisha sisi".

Eleza, kwa maneno mia tano, changamoto uliyoishinda.

Hapa ndipo nilipokwama tangu Jumatatu.
Wenzangu wa chuo walinishauri: andika mafuriko,
wasahihishaji wanapenda mafuriko.
Lakini mimi sikuyashinda.
Mto Nyando ulikuja usiku, ukakaa siku kumi na moja,
ukala kuku, ukalala kitandani mwa mama,
kisha ukaondoka wenyewe, kama mgeni asiyeaga.
Nani hapo alimshinda nani?

Nimefuta mara nne. Shilingi themanini.

"Weka vyeti kwanza," asema Obonyo, "maneno yatakuja."
Anakilaza cha kidato cha nne kwenye kioo,
mwanga unapita chini yake,
na kwenye skrini, pembeni, juu ya alama yangu ya hisabati,
yanatokea mabonde sita madogo, yamepinda kama kucha.

"Hii nini? Panya?"

"Meno."

Usiku ule mama alikuwa na Odera mgongoni,
mkono mmoja umeshika kamba, wa pili umenishika mimi,
mimi wa miaka kumi na tisa, maji yakinifika kifuani.
Kitu kimoja kilikuwa kimebaki bila mkono.

Obonyo, ambaye huongea hata akitafuna, amenyamaza.
Kisha: "Naweza kuzifuta. Dakika mbili, sitakutoza.
Wameandika hapa, nakala iwe safi."

Saa nane na nusu.
Nje, vyura wa mashamba ya mpunga wanapiga kelele
kama watu waliokwisha kukubaliwa mahali.

"Ziache."

Narudi kwenye ule mraba mweupe.
Miaka minne nimesomea maji: kasi yake, uzito wake,
ukuta wa unene gani huzuia kiasi gani.
Kipimo cha taya hakikuwa kwenye mtihani.
Naanza: Changamoto hii sikuishinda mimi.

Saa tisa kasoro dakika moja, nabonyeza.
Duara linazunguka. Linazunguka.
Stima ya Ahero inapepesa,
na Obonyo ameikamata meza kwa mikono miwili
kana kwamba meza ndiyo itakayozimika.