Ukurasa wa Tatu

Mwongozo unasema: "Ni rahisi. Bonyeza Komandi,
kisha fungua terminali."
Amuge anakagua kibodi mara mbili,
kama apapasaye ufunguo wake
katika mfuko wa koti la mtu mwingine.
Komandi haipo.
Ipo herufi N iliyofutika,
ipo punje ya simsim chini ya Shifti.

Soroti, saa nne usiku. Bando linakaribia kwisha,
mwamba nje bado unapumua joto la mchana.

"Wenye Windows, tazama ukurasa wa tatu."
Ukurasa wa tatu: "Itaandikwa."
Mwaka wa nne huu, itaandikwa.
Mgeni kakaribishwa
kwa mlango uliochorwa ukutani.

Basi akauandika mwenyewe:
mkwaju ulalie upande gani,
kosa lipi la kupuuza, lipi la kuogopa.
Alfajiri akamwita Etyang ajaribu.

Etyang akasoma mstari mmoja, akachekea puani:
"Dada, yangu Linux. Tena ya kuokoteza."

Kidole cha Amuge kilikuwa tayari juu ya Tuma.
Kikahama, kikafuta.

Sasa ukurasa unaanza hivi:
Mbele yako pana mashine gani?