Saa Tatu Bila Mtandao

Mahuta, Oktoba, mtandao umekata.
Mizani inawaka ila haina wa kumwambia.
Mimi karani nimekaa na mashine yangu
kama mpishi aliyezimikiwa moto,
na foleni ni ya magunia kuliko watu:
la Nangomwa, la Bi Esha, matatu ya Somoe,
kisha jiwe, jiwe tupu,
limemshikia mtu nafasi.

Akapita muuza ming'oko. Tukanunua.
Mdomo ukipata kazi moja huomba ya pili.

Nani alianza? Nadhani Chilumba,
fundi wa pampu za salfa.
Kasema unyago siku hizi huanza Ijumaa
ukaisha Jumapili, maana Jumatatu shule.
"Tumeugeuza semina. Bado posho tu."
Tukacheka. Bi Esha hakucheka.
"Mimi nilikaa ndani mwezi mzima
na mengi yamenitoka.
Binti yangu kakaa siku mbili, anayo yote kichwani.
Sijui kati yetu nani kafundwa."

Kimya. Watu wanatoa nyuzi za ming'oko menoni.

Nangomwa akajikohoza: "Mila ni kama mkorosho..."
"Mkorosho ulikuja na meli," Chilumba akamkata,
"babu wa babu yako hakuujua. Mgeni huyo."
"Mgeni," akajibu mzee, "aliyenisomeshea wanne."
Na ile sentensi yake ya kwanza
ikabaki hapohapo, haina mkia.

Ndipo Somoe, ambaye siku zote
husalimia akainamisha macho:
"Mikorosho arobaini na miwili
kaipanda mjomba wangu, kaka wa mama.
Kwetu shamba hufuata tumbo.
Kwenye daftari lenu limefuata mume.
Hilo nalo niliite mila, au ndiyo usasa?"

"Makosa ya uandishi," nikasema,
mimi mwenye kuandika.

Akanitazama. Hakuna aliyenisaidia.
Bi Esha peke yake, akikung'uta chumvi viganjani:
"Pesa huingia kwenye simu. Simu anayo mume.
Siku hizi namba ya simu ndiyo ukoo."
Chilumba akataka kucheka, akaahirisha.
Mwingine akasema basi anunuliwe simu.
Mwingine: simu siyo shamba.
Mwingine, simjui jina, kasema kwao Kitangari
kaka na dada wameshitakiana kwa jambo hilohilo,
na mjomba aliyepanda bado yu hai,
analala kwa jirani.

Mtandao ukarudi.
Watu wakasimama na maneno nusu mdomoni,
mtu akasukuma gunia lake kwa goti.

Somoe. Kilo mia moja na kumi na nne.
*Jina la mkulima?* mashine ikauliza.
Kisanduku kimoja, mstari mmoja.
Kidole changu kikakaa hewani.

"Piga hilo la mume, watu wanangoja," akasema.
"Ila usiseme tena ni makosa ya uandishi."

Nikapiga. Stakabadhi ikatoka, bado ya moto,
akaikunja mara nne, akaifunga pembeni mwa kanga,
akakaza fundo kwa meno.

Hadi jua linazama lile jiwe lilikuwa palepale.
Mwenyewe hakutokea.
Tulilipita mmoja mmoja, tukiinua miguu,
na hakuna aliyethubutu kulitoa kwenye foleni.