Jina Limetoka Wapi

Linz, Februari. Danube inapita na vipande vya barafu
na Korbinian hajala.
Mistari arobaini aliyoandika asubuhi
ilikwenda vizuri kwenye dirisha la majaribio:
matriki ikageuka, polinomia ikagawanyika,
maana mle ndani kila jina limeshakaribishwa,
limevua viatu, limeketi.

Akaihamishia kwenye faili lake mwenyewe,
programu ikamkana.
Matriki? Simjui.
Pete? Simjui. Mwana wa nani huyo?

Faili ni elfu tatu na ushei. Utaanzia lipi?

"Uliza kifaa," nikamwambia.
Nilikiandika mimi, miaka sita nyuma,
kwa pupa ya mtu mwenye treni ya saa tano kasorobo usiku.
Unakipa jina, kinakupa mstari wa kuliingizia,
wewe unanakili tu. Ndivyo nilivyowaahidi watu.

Akaandika: Pete.
Yakaja majibu kumi na manne.
Lipo lililozikwa tangu toleo la saba.
Yapo ya majirani walioazima jina wasirudishe.
Mawili ni somo tu, jina moja, damu mbali:
moja pete ya aljebra, moja duara la kuchorea.
Na lile lenyewe halikuwamo.
Lilisajiliwa kivivu, huamka likiitwa kazini,
na kifaa changu kilibisha hodi mara moja
kikaenda zake.

Mwacha asili ni mtumwa, wamesema.
Mwenye asili kumi na nne hawakumsema.

Siku tatu nilikaa nacho.
Bisha tena, nikakifunza, msubiri mvivu afunge vifungo.
Usiishie kwenye jina, muulize mwenyewe alizaliwa faili gani.
Aliyekufa mwite marehemu, utaje na mrithi.
Masomo wawili wakitokea, waweke wote mezani,
useme huyu anafanya hivi na yule vile.
Na mtu akikosea herufi, usimfokee.

Ijumaa nikakijaribu kwa jina la zamani,
punguza_kwa_upole,
nililolitumia kila wiki bila kujua kwao.
Kikajibu mara moja. Jibu moja.
Nikafungua faili. Juu kabisa: E. Pöschl,
Edeltraud wa chumba cha mwisho, tuliyemzika Novemba ile
ya mvua. Mstari wa tisini na mbili aliandika:
Hapa nimebahatisha. Nitarudi baada ya Pasaka.

Nikahesabu. Pasaka nane.
Na hesabu yake ya kubahatisha
haijakosea hata siku moja.

"Umepata?" Korbinian akauliza. "Naitaka na hiyo."
Nikamsomea mstari polepole, neno kwa neno,
njia yote hadi mlangoni kwake.
Akauandika. Programu ikakimbia.
Akatoa mkate wake wa mchana, saa kumi,
akaniuliza mbona sijafunga lile faili.