Ukungu

Thunder Bay, Februari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Bibi Aune Halonen amezipanga lenzi tatu
juu ya taulo la vyombo, kama samaki wa fungu,
na marehemu mumewe anatuangalia kutoka ukutani
katika picha aliyojipiga mwenyewe, kidevu kimekatika.

Ya kwanza ndefu kama mkono wa mtoto.
Hiyo ndiyo niliyoijia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku,
nimesukuma vitanda vya hospitali na watu wake,
nikataka chombo cha kuonea watu kwa mbali
wao wasinione, wasiniulize natoka wapi hasa.
"Nzito," akasema. "Utaiacha nyumbani."

Ya pili ilikaa miaka sita stoo
ndani ya mfuko wa ngozi. Niliielekeza dirishani:
nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo,
vijitawi juu ya vijitawi,
na zilipendeza, Mungu anisamehe.
Ukungu. "Usiilaze na nyingine. Huambukiza."

Ya tatu fupi. Hamsini tu, haivuti, haisogezi;
ukiutaka uso, uufuate uso.
Dola arobaini. Akaniongezea brashi, kipulizio cha mpira,
na vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya,
kopo zima la kahawa, amevilimbikiza.
"Puliza kwanza. Vumbi ni mchanga.
Na shati lako, hata likiwa safi, ni shati."

Mlangoni nikamwomba picha.
Hatua moja. Ya pili. Ya tatu ikanifikisha
kwenye pumzi yake: kahawa, na iliki.
Iliki! Sikujua kwamba na huku
kuna watu wanaoitia kwenye mkate.
Nikapiga. Sijui kama nilishika pumzi yangu au yake.

Sasa kamera iko mezani kwangu
ndani ya mfuko wa plastiki niliofunga nikiwa bado ngazini,
vidole vikiwaka kwa baridi.
Joto la nyumba linatua juu ya plastiki, linalowa, linateremka.
Lugha yangu ina neno moja
kwa huu unaotua na ule uliokula kioo.
Huu nitaufuta kwa kiganja.

Mwanaidi amepiga magoti kwenye kiti, pua kwenye mfuko.
"Mama, tumtoe bibi?"
Natazama saa. Bado nusu saa.
Namwambia, mwache kwanza apate joto.