Mpaka Jana Maji Yalikuwa Yakitoka

Nilikwenda kwa sababu walilipa nauli,
na chai, na mkate wa mofa.
Walitaka wazima tu: asiye na presha,
asiye na sukari, asiyevuta.
Nikasema, basi ndiye mimi.
Miaka thelathini na minne, napanda orofa sita za Tudor
na bomba la futi ishirini begani,
nafika juu naimba.

Bi Umazi akanilaza. Akanigusisha kalamu baridi shingoni,
kisha kinenani, nikaona haya.
"Usiseme, Twalibu. Acha damu iseme."
Mashine ikachora vilima.

Maji nayajua.
Funga koki ghafla katika nyumba kongwe ya Kibokoni
uyasikie yakigonga ukutani, du, du, du,
kwa kuwa chuma hakikubali kutanuka.
Mpira hukubali. Huvimba kidogo, hunywea,
hulipokea pigo na kulituliza njiani.
Kwa hiyo aliposema, "Wimbi lako linakwenda mbio,"
nilielewa kabla hajafafanua.

"Mbio za mtu wa miaka hamsini. Na damuni
mna mwako mdogo. Si homa, si kidonda."
Mbona siumwi?
"Ndiyo tabia yake."
Unatoka wapi?
Akafunga faili. "Hapo ndipo tunapotafuta.
Fizi zako je, hutoka damu?"

Nikaukumbuka mswaki wangu wa alfajiri,
ule wekundu ninaousuuza kila siku
nikiulaumu mswaki.

Methali ya ufa ni ya waashi.
Sisi wa mabomba hatukuachiwa kitu,
ila kile nilichokikata Majengo mwezi uliopita:
nje rangi ya buluu, safi, yang'aa;
ndani chumvi ya kisima, tabaka juu ya tabaka,
hata kidole cha mwanangu kisingepita.
Mwenye nyumba akashika kiuno.
"Lakini fundi, mpaka jana maji yalikuwa yakitoka!"
Wote husema hivyo.
Nilicheka. Nikamtoza elfu nne.

Usiku huu Zuwena amelala, feni inazunguka,
nami nimelaza sikio juu ya mto
nikisikiliza ukuta wangu mwenyewe.
Vidole viwili shingoni, vilevile
ninavyotafutia mahali panapovuja.
Du. Du.
Si maumivu. Wala si kelele.
Kesho nitanunua mswaki laini, nitamuuliza daktari wa meno
swali ambalo sijalipanga bado.

Maji yanatoka.