Samaki wa Chaki

Somo la nne, saa tano kasoro robo.
Nimechora ubaoni sahani ya mlo kamili:
ugali, yai, mchicha, kipande cha papai,
na sato mmoja, magamba yote,
maana kuchora samaki ndicho kipaji nilichojaliwa.
"Nakilini," nikasema. Kalamu arobaini na tatu zikakwaruza.
Ya arobaini na nne ilikuwa imelala, pamoja na mwenyewe.

Buyegi.
Nikamwita mara mbili. Mara ya tatu nilishika fimbo.
Nalisema hili kwa aibu: nilishika fimbo.
Akaja mbele kwa mwendo wa anayekanyaga mchanga mzito,
akasimama akiutazama ubao,
akapitisha kidole tumboni mwa sato,
kisha akakitia mdomoni.

Darasa likacheka, halafu likanyamaza lenyewe.

"Umekula nini?"
"Jana?" akauliza.

Jana!
Nami tumboni nilikuwa na chai na maandazi mawili.
Wanasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa.
Mimi nilimjua, siku nyingi. Nilimwita mvivu.

Jioni nikashuka hadi mwaloni, Kayenze.
Dagaa wametandazwa juu ya nyavu,
uwanja mzima wa fedha,
na malori yenye vumbi la mbali yakingoja kushiba.
Nkwimba, mama yake, aliwageuza kwa ufagio.
Hakuacha kugeuza.
"Mwalimu, hawa si wetu. Wamekwisha kulipa deni la taa.
Chetu ni kile kinachonasa matunduni."
Akanichotea kiganja kimoja. Nikakataa.
Akanitazama kama mtu aliyenyimwa jibu la salamu.
Nikapokea.

Mkutano wa wazazi ulikuwa mrefu, wa kelele.
Bwana Lushinge akasimama, kofia mkononi:
"Sisi tulisoma bila uji, na mbona tumekuwa watu?"
Sauti ya mwanamke, kutoka nyuma kabisa:
"Mlianza wangapi? Mkamaliza wangapi?"
Akakaa.
Kesho yake, kabla ya kengele, mtu alishusha gunia la choroko
mlangoni pa stoo. Hakuacha jina.
Tuliijua baiskeli.

Muujiza hatukupata. Tulipata
debe la mahindi kwa kaya, kwingine nusu, kwingine ahadi;
michembe ndani ya kikapu kilichotoboka;
mitumbwi sita iliyokubali kutoa sado moja ya dagaa kila wiki,
isipokuwa mwezi ukiwa mpevu, taa zisipovuta kitu,
na hapo tunakula choroko, hatulalamiki sana;
matuta manne ya mchicha yanayokunywa maji tuliyonawia mikono;
na Mama Sayi, anayepima chumvi kwa kiganja,
aliyemrudisha mwalimu mkuu nyuma ya foleni
mbele ya watoto wote.

Mnataka kujua kama alama zimepanda.
Zimepanda kidogo. Hisabati bado ni hisabati.
Niulizeni kuhusu kelele.
Darasa la tano lina kelele siku hizi baada ya saa tano:
wanabishana nani alikuwa golikipa,
wanauliza kwa nini mwani ni kijani,
wanarushiana vifuniko vya kalamu.
Zamani lilikuwa kimya, wakaguzi wakalisifu kwa nidhamu.

Fimbo niliipeleka jikoni.
Iliwaka vizuri.

Juzi nikachora tena ile sahani.
Mkono ukanyooka kutoka dirishani:
"Mwalimu, huyo sato umemsahau pezi la mgongoni."
"Njoo urekebishe."
Buyegi akaja mbio, akaongeza pezi,
akarudi nyuma hatua moja kupima,
kisha akachora dagaa pembeni,
na mwingine, na wengine, wakafurika nje ya sahani
mpaka chaki ikamwishia.
Akavitazama vidole vyake, vyeupe.
Akavipangusa kwenye kaptura,
akarudi kukaa.